Kitanda cha Mtoto si Pambo la Chumba

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nilikuwa nimeketi kwenye benchi mbele ya karakana ya seremala mmoja katika soko la Muthara, Tigania Mashariki, nikingoja kiti changu kitiwe mguu mpya. Akaja mzazi mmoja wa makamo na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua, ilikuwa picha ya kitanda cha ghorofa iliyokatwa kwenye kalenda: kitanda chini, kitanda juu, ngazi nyembamba yenye rangi nyekundu, na mtoto wa Kizungu akicheka kule juu kama aliyepanda mwembe.

"Fundi, nataka kama hiki," akasema. "Nina watoto watatu na chumba chao ni futi kumi kwa kumi. Wadogo wawili walale juu kwa kuwa ni wepesi, mkubwa alale chini."

Mdogo wao, tulikuja kuambiwa, alikuwa na miaka minne.

Fundi aliitazama picha, akaitazama miti yake iliyosimamishwa ukutani, akataja bei. Hakuuliza umri wa watoto, wala mzazi hakuuliza kizuizi cha kule juu kitakuwa na kimo gani. Walikuwa wamekwisha kufika kwenye rangi ya ngazi nilipojiingiza katika mazungumzo yasiyonihusu. Msomaji ataniwia radhi. Mtu mzima hakatizi biashara ya watu bila sababu, na sababu yangu nitaieleza.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana mwenye mshahara mdogo na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, nilinunua kitanda cha ghorofa kama hicho kando ya barabara. Kilikuwa kizuri machoni. Kule juu kilikuwa na ubao wa kuzuia mtoto asianguke, nami niliupima kwa kiganja nikaridhika. Mama watoto aliniuliza kama kweli msichana wetu wa miaka mitano atalala kule. Nikamjibu kwa ule ujuzi wa wanaume ambao hautokani na popote. Baadaye nikanunua godoro nene la inchi nane, nikijiona baba mwema kwelikweli. Godoro lile lilipotandikwa, ubao wote ukamezwa. Kilichobakia juu ya godoro hakikuzidi upana wa vidole viwili. Usiku wa tatu mtoto aligeuka usingizini akaanguka kwenye sakafu ya saruji. Mkono wake wa kushoto ulivunjika kwenye kiwiko. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na mkono ule haunyooki kabisa hadi sasa.

Hayo si yote. Nilikiuza kitanda kile. Nilimuuzia jirani aliyekuwa na watoto wadogo kuliko wangu, nikapokea fedha, na sikumwambia neno. Sijui kilichotokea katika nyumba ile kwa sababu walihama. Basi nilipomsikia yule mzazi akisema kwamba wadogo watalala juu kwa kuwa ni wepesi, sikuweza kukaa kimya mara ya pili.

Nilianza na lile ambalo lingeniokoa mimi. Kizuizi cha kitanda cha juu hakipimwi kutoka kwenye ubao wa kitanda, hupimwa kutoka juu ya godoro. Kwa kanuni za Marekani, ambako jambo hili limeandikiwa sheria, ubao lazima upite godoro kwa inchi 5 au zaidi. Kwa hiyo anayeagiza kitanda na aamue godoro kwanza. Madukani kwetu godoro huuzwa kwa inchi, la nne, la sita, la nane, na ni hizo inchi mbili au nne za ziada zinazogeuza kizuizi kuwa pambo. Aidha, kizuizi kinatakiwa pande zote mbili, hata upande wa ukutani. Mzazi husema, "Kule kuna ukuta, ataangukia wapi?" Ukweli ni kwamba kitanda husogea kidogo kidogo kila siku, nafasi ikapatikana kati yake na ukuta, na mtoto akateremkia humo.

Kutumbukia huku kuna namna yake ambayo wengi hatuijui. Mtoto hutangulia kwa miguu. Nyonga zikipita na kifua kikipita, kichwa hukataa, maana kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kuliko tunavyodhani. Hapo huning'inia kwa shingo. Ndiyo sababu nafasi kati ya mbao za kizuizi isizidi inchi tatu na nusu, na kwa kitanda cha mtoto mchanga mianya kati ya fito isizidi sentimita sita hivi. Fundi asiyekuwa na rula ana njia rahisi: kopo la soda lisipite katikati ya fito hizo. Juu ya hayo, mtoto aliye chini ya miaka sita hafai kulazwa juu hata kizuizi kikiwa kizuri namna gani, wala watoto wawili wasilazwe pamoja kule. Usingizi wa utotoni ni vita, na mmoja atasukumwa.

Mzazi akanijibu kwa upole, "Mwalimu, wewe watoto wako walishakua. Mimi nafasi ninayo hiyo tu."

Alikuwa na haki. Ushauri mwingi kuhusu chumba cha mtoto huandikwa kwa ajili ya watu wenye chumba cha mtoto. Katika nyumba nyingi za Tigania na Igembe, mtoto hulala sebuleni makochi yakishasukumwa, au jikoni penye joto la figa, au na nyanyake. Kwa desturi ya Ameru, mvulana akishatahiriwa harudi kulala chini ya dari moja na mama yake. Zamani alikwenda gaaru kukaa na rika lake, siku hizi hujengewa kijumba uani, nacho kitanda chake huwa ndicho samani ya kwanza anayoweza kuiita yake. Baba mwenye watoto watatu hujua kwamba hesabu ya vitanda itabadilika kabla mbao hazijachakaa. Basi swali la busara ni kama kitanda hiki kitamfaa mtoto leo bila kumdhuru, na miaka sita baadaye bado kikamfaa.

Kwa maoni yangu, na najua mafundi wengine watanipinga kwa kuwa dabodeka, kama wanafunzi wanavyokiita, kina faida kubwa kwao, kitanda bora cha mtoto wa nyumba ya kawaida ni kifupi, cha mbao, cha futi tatu kwa sita. Kiwe kifupi kiasi kwamba mtoto akiketi ukingoni nyayo zake ziguse sakafu. Akianguka, ataamka akilia na kurudi kulala. Hata godoro lililotandikwa sakafuni si la kudharauliwa, kwani hakuna aliyewahi kuanguka kutoka sakafuni. Lakini baridi ya Nyambene mwezi wa Julai hupanda kwenye saruji, na godoro lisilopitiwa na hewa chini hushika unyevu na kuota ukungu. Likiinuliwa inchi chache juu ya vibao, tatizo limekwisha kwa gharama ndogo.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanayajua majina ya sehemu za kitanda kuliko wazee wao. Kabla ya mtihani wa KCPE kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, vizazi vya watahiniwa viliyakariri: tendegu ndilo mguu, mfumbati ni ule ubao wa ubavuni, kitakizo ni ule wa kichwani na miguuni, na chaga ni vile vibao vinavyopitishwa chini ya godoro. Nimefundisha maneno hayo mwenyewe kwa miaka mingi. Sikumbuki hata siku moja kumwambia mwanafunzi aende nyumbani aushike mfumbati na kuutikisa ili aone kama kiungo kimelegea. Nawaomba walimu wenzangu wafanye zoezi hilo. Chaga zilizopigiliwa msumari mmoja mmoja hupinda na kuchomoka watoto wakirukaruka, na watoto wasioruka kitandani sijawahi kukutana nao. Mfumbati na tendegu viungane kwa ulimi na tundu, au kwa bolti inayoweza kukazwa tena. Msumari ukishalegea hutoka tu, na tundu lake hubaki kuwa makao ya kunguni.

Kulegea kwenyewe mara nyingi husababishwa na mbao mbichi. Meru imebarikiwa mti wake, muuru, ambao hata wageni waliupa jina la mwaloni wa Meru, nao hukua kwa asili katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ni mbao nzuri mno, lakini adimu na ghali. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, na haikutangaza kuiondoa marufuku hiyo hadi Julai 2023. Katika miaka hiyo karakana nyingi zililitegemea shamba la mkulima, hasa ule mti tulioupanda mipakani na kati ya kahawa, grevilea, unaoitwa mukima. Sina ugomvi na mukima. Ugomvi wangu ni na haraka. Mti huangushwa Jumatatu, hupasuliwa Jumatano, na wiki ya pili ni kitanda. Ubao unaponyauka ndani ya nyumba, ulimi hupungua ndani ya tundu, na kitanda kilichokuwa imara dukani huanza kuimba usiku. Mnunuzi aunyanyue ubao: mbichi ni mzito kupita umbo lake, una baridi mkononi, na harufu yake bado ni ya shambani. Tena asikubali vipande vya nguzo za umeme au za ua zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, maana baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na mtoto mdogo hutafuna ukingo wa kitanda chake kama panya.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kutafuna, niliuliza rangi ya ngazi ile nyekundu itatoka wapi. Fundi akanionyesha mkebe usiokuwa na karatasi ya maelezo. Risasi, madini yale yale ya betri za magari, ilitiwa katika rangi za mafuta kwa miaka mingi ili zing'ae na kukauka upesi. Hudhuru ubongo wa mtoto, nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama. Kiwango cha Kenya kinakataza risasi ipitayo sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, lakini mkebe usio na jina haujui sheria. Mimi ningechagua ubao uliopigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi ya kutoka mkebe unaosomeka, au ubao mtupu.

Samani nyingine nitazipitia kwa haraka, isipokuwa kabati. Kabati la droo ni ngazi machoni pa mtoto. Huzivuta droo, akakanyaga ya kwanza, ya pili, na kabati zima likamlalia. Mwaka wa 2016 kampuni ya IKEA ya Sweden ililazimika kuwataka wateja wa Marekani warudishe au wafunge ukutani makabati milioni 29 hivi baada ya watoto kufa kwa namna hiyo, na kabati lenyewe halikuwa bovu kwa macho. Kwetu hatari huongezwa na televisheni tunayoiweka juu yake. Dawa ni kona ya chuma na parafujo mbili, ambazo gharama yake haifiki bei ya mkate. Katika nyumba ya mbao ni kazi ya dakika tano. Katika nyumba ya mawe fundi atatoboa ukuta na kutia kigingi cha plastiki. Sijaona duka la samani linalomwambia mteja jambo hili, wala sijaona mteja anayeliuliza. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni nalo lisiachwe tupu bila kufuli nyumbani, maana ndugu zake wadogo hucheza kibe, na kifuniko kinachojifunga chenyewe hakina huruma. Meza ya kusomea itoshe kiwiko na kiti kitoshe goti, basi.

Nimefika kwenye moto, na hapa sitakwenda haraka.

Godoro la sponji ambalo sote hulalia limetengenezwa kwa kemikali zinazotokana na mafuta ya petroli. Likishika moto huwaka kwa kasi, hutoa moshi mweusi wenye hewa za sumu, na moshi huo humuua aliyelala kabla ndimi za moto hazijamfikia. Mwanafunzi anayesoma kwa koroboi au mshumaa akiwa amelala kifudifudi kitandani amejilaza juu ya kuni. Najua nyumba nyingi zimepata umeme au taa ya sola katika miaka ya karibuni. Najua pia kwamba umeme hukatika, na mshumaa hurudi pale pale kwenye kitakizo. Taa ya moto iwekwe mezani, mbali na chandarua, na mtoto aketi kitini.

Watoto wengi wa Muthara, hata wakilelewa katika kitanda salama, siku moja hubeba godoro kichwani na kwenda kulala wasikochagua. Bweni ni chumba cha mtoto pia. Hapa Tigania hatuhitaji kufundishwa kwamba bweni laweza kugeuka kaburi. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wasichana 19 wa shule ya upili ya St. Kizito walikufa bwenini, wavulana wa shule yao wenyewe walipowavamia. Ule ulikuwa ukatili wa binadamu, wala sitaupunguza kwa kuwasingizia mafundi wa vitanda. Lakini katika maafa ya moto yaliyofuata kwingineko nchini, mpangilio wa chumba ulisaidia kuua. Bombolulu, mwezi Machi 1998, walikufa wasichana 26. Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, walikufa wavulana 67, mlango mmoja ukiwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yakiwa na vyuma. Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya msingi, katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150.

Kati ya misiba hiyo, mwaka wa 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Mwongozo huo hausemi kwa mafumbo. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Baada ya Endarasha wizara ilifunga sehemu za bweni katika mamia ya shule za msingi. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa ukosefu wa maandishi. Shule inayopokea wanafunzi wengi kuliko vitanda vyake hununua vitanda, na vitanda vinapoongezeka, mita ile ya kupitia ndiyo inayoliwa kwanza. Hakuna anayeiona ikiliwa, kwa sababu hakuna anayepima.

Mwanafunzi unayesoma haya, umefundishwa kutumia futikamba katika somo la hisabati. Pima nafasi iliyopo kati ya kitanda chako na cha mwenzako. Hesabu hatua kutoka kitandani mwako hadi mlangoni, kisha uzitembee ukiwa umefumba macho, kwani moshi huja na giza lake. Mwalimu wa zamu, jaribu mlango wa dharura leo usiku, uone kama unafunguka au una sanduku nyuma yake na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani. Nilikuwa mwalimu wa zamu kwa miaka mingi. Nilihesabu vichwa kila usiku, na milango sikuihesabu.

Pale Muthara, fundi alikuwa ameacha kunikasirikia. Alichukua kipande cha mbao akachora juu yake kwa penseli: vitanda viwili vifupi vya futi tatu kwa sita vilivyopangwa kama herufi L kwenye kona, na cha tatu, chembamba na kifupi zaidi, kinachoingia mvunguni mwa kimojawapo mchana na kuvutwa nje usiku. Mzazi aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akauliza kama hicho cha mvunguni kingeweza kupewa miguu mirefu baadaye, yule mdogo atakapotahiriwa na kuhamia uani. Fundi akasema anaweza kuacha matundu ya bolti tayari.

"Na bei?"

Bei ilikuwa juu kuliko ya kitanda cha kalenda. Mzazi akakunja ile picha yake mara nne, akairudisha mfukoni, akaanza kubishania magurudumu, kwamba kitanda cha mvunguni kinaweza kuvutwa bila hayo. Fundi akasema kitakwaruza saruji. Mzazi akasema saruji ni yake. Niliwaacha hapo, nikabeba kiti changu, nami nikiwa njiani nikakumbuka kwamba sikuuliza kama mguu ule mpya ulikuwa wa mbao kavu.